Ni Nani Aitaye Gizani?

Ilikuwa yapata saa nne usiku katika mji mdogo wa Litein, Kaunti ya Kericho. Mvua ya alasiri, ile isiyokosa kuitembelea nchi ya chai, ilikuwa imekwisha kunyesha na kuacha ukungu uliotanda juu ya mashamba kama shuka lililolowa. Katika kituo cha bodaboda kilicho kando ya barabara iendayo Sotik, walikuwa wamesalia vijana wawili tu. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka ishirini na sita hivi, alikuwa akikipangusa kiti cha pikipiki yake ili arejee nyumbani, mara simu yake ikalia. Nambari hakuijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke, naye alisema kwa haraka na kwa kukatakata. Alitaka kuchukuliwa kutoka kijiji kimoja kilicho kati ya Litein na Mogogosiek, upande wa Bomet, karibu na banda la kupimia majani chai. Alisema ana mgonjwa. Kisha simu ikakatika.

Kijana hakuiwasha pikipiki. Alisimama na kitambaa mkononi, akiitazama ile nambari kana kwamba tarakimu zake zingeweza kumwambia jambo. Hakuwa mvivu wala hakuwa mtu wa moyo mgumu. Alikuwa mtu aliyeona.

Katika msimu wa bonasi uliotangulia, mwenzake wa kituo hicho hicho aliitwa vivyo hivyo usiku. Msimu wa bonasi, kwa asiyeijua nchi ya chai, ni ile miezi ya mwisho wa mwaka, hasa Oktoba, ambapo wakulima wadogo wanaouza majani yao kupitia KTDA hupokea malipo ya pili baada ya hesabu za viwanda kufungwa. Ndio wakati ambapo mabati mapya hung'aa juu ya nyumba, karo hulipwa, na pikipiki mpya hutolewa madukani kwa malipo ya kwanza. Ndio wakati pia ambapo wezi huamka. Mwenzake huyo alimbeba abiria mmoja hadi penye kona, akapigwa rungu la mgongoni, akaanguka mtaroni na kuvunjika mkono. Pikipiki ikaenda zake. Jambo lililowakata maini wanakituo si rungu lile, bali ni kwamba abiria hakuwa mgeni. Alipiga simu kwa laini yake mwenyewe, iliyosajiliwa kwa jina lake halisi, na kabla ya kupanda aliulizwa ukoo wake, akautaja bila kubabaika, na kweli ulikuwa wake. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Swali lililomkabili kijana yule usiku huo ndilo swali linalozisumbua kampuni kubwa za usafiri ulimwenguni: je, mwenye kubeba atamjuaje mwenye kubebwa? Kwa miaka mingi swali hili liliulizwa kwa upande mmoja tu. Uber ilipoanza kazi Nairobi mwaka wa 2015, na Little, iliyoundwa na Craft Silicon kwa ushirikiano na Safaricom, ilipofuata mwaka wa 2016, mkazo ulikuwa ni kumthibitisha dereva: leseni yake, picha yake, nambari ya gari lake, cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Abiria alihitaji simu na jina, na jina lenyewe aliweza kujipa apendavyo. Dereva alijianika uso, abiria akabaki pazia. Madereva walipoporwa, na wengine kuuawa, na abiria walioitia magari kwa majina ya kubuni, kilio kikapanda kwamba uwazi wa upande mmoja si uwazi bali ni kumweka mtu shabaha.

Kampuni hizo zilianza kusikia. Mwaka wa 2024, Uber ilitangaza nchini Marekani mpango wa kuwahakiki abiria, ambapo jina na nambari ya simu hulinganishwa na hifadhidata za nje, na anayeafiki huwekewa alama ya samawati ambayo dereva huiona kabla ya kukubali safari. Anayeshindwa kuthibitika kwa njia hiyo huweza kutoa kitambulisho cha serikali. Kuna pia mbinu ya kumtaka mtu ajipige picha papo hapo, mashine ikailinganisha na picha ya kitambulisho. Katika yote haya hakuna karani anayeketi mezani kupima. Mashine hupima, mashine huamua, na jibu hutoka kabla mtu hajapepesa jicho.

Vijiji vya Kericho na Bomet havikungoja habari hiyo kutoka ng'ambo. Tangu serikali ya Kenya ilipoondoa kodi kwa pikipiki ndogo mwaka wa 2008, bodaboda imekuwa ndiyo gari la shamba, la shule, la kanisa na la hospitali. Hapa anayehitaji kubebwa hupiga simu kwa mtu anayemjua, au kwa nambari aliyopewa na mtu anayemjua. Na wanaobeba wamejitungia uhakiki wao.

Uhakiki wa kwanza ni wa kale kuliko pikipiki. Wakipsigis wanapokutana na wasiyemfahamu humwuliza kokwet yake, yaani jumuiya ya majirani anakotoka; oret yake, yaani ukoo wenye kiumbe wake wa kujitambulishia; na akiwa mwanamume, ibinda yake, yaani rika alilotahiriwa nalo, awe wa Maina, Chumo, Sawe au jinginelo. Maswali haya matatu ni wavu wenye matundu madogo. Mwongo huweza kupenya la kwanza, akanaswa na la pili, kwa kuwa kila jibu lina watu nyuma yake wanaoweza kuulizwa. Hii ndiyo hifadhidata ya wazee, isiyohitaji umeme.

Uhakiki wa pili umeletwa na simu. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, na hasa baada ya kuongezwa huduma ya Hakikisha, ambayo humwonyesha mtuma fedha jina la mpokeaji kabla ya kukamilisha, vijana wa vituoni waligundua hila nyepesi. Mtu asiyejulikana akipiga simu, huandika nambari yake kana kwamba wanamtumia shilingi kumi, jina likatokea, wakaghairi. Kwa njia hii mtambo wa fedha umegeuzwa kuwa mlinzi wa lango. Nguvu ya hila hii inatokana na sheria ya kusajili laini. Kuanzia mwaka wa 2013 laini zisizosajiliwa zilizimwa, na mwaka wa 2022 wateja waliitwa upya kuhakiki usajili wao, siku ya mwisho ikasogezwa kutoka Aprili hadi Oktoba.

Ndivyo alivyofanya kijana wetu wa Litein. Aliingiza ile nambari. Jina lililotokea lilikuwa la mwanamume, lenye kianzio cha Kip-, jina la Kikipsigis lisilo na shaka. Lakini sauti aliyoisikia ilikuwa ya mwanamke, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya mbali, ya upande wa Kisii au pengine ya ng'ambo ya huko. Jina na sauti havikuoana. Kwa kipimo cha mashine, hesabu ilikuwa imekwisha: hajathibitika, safari imekataliwa.

Hapa ndipo panapostahili kutuliwa kidogo, kwa sababu kutooana huko ndiko kunakobeba uzito wa suala zima.

Mosi, katika nchi ya chai simu si mwili wa mtu. Huazimwa kama jembe. Kibarua aliyeishiwa na chaji huazima ya jirani, nyanya huitiwa pikipiki na mjukuu aliye Nairobi, mkulima huwaitia wachumaji wake watano kwa laini moja. Mtambo unaoamini kuwa mwenye laini ndiye mwenye safari umebuniwa na watu wanaoishi mahali ambapo kila mtu ana simu yake mfukoni na moto ndani yake. Ukiletwa hapa bila kurekebishwa, hautawanasa wezi kwanza. Utawanasa maskini, kwani ndio wanaoazima.

Pili, jina nchini Kenya si jina tu. Ni ramani. Anayelisoma hujua, au hudhani anajua, mwenyewe ametoka wapi na alipiga kura vipi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini, kwa hesabu ya Tume ya Waki, na Kericho haikusalimika. Wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai waliotoka jamii nyingine walivamiwa ndani ya makao yao, na baadhi yao walipeleka madai yao hadi mahakama za Uingereza, ambako Mahakama ya Rufani iliamua mwaka wa 2018 kwamba kesi yao dhidi ya Unilever isingeweza kuendelea huko. Katika siku zile, kwenye vizuizi vya barabarani, vitambulisho viliombwa na kusomwa kwa mwanga wa kurunzi. Aliyeshika kitambulisho hakuwa akitafuta mhalifu. Alikuwa akitafuta jina. Kwa hiyo mtu anaposema kwamba jina la kweli la abiria lionyeshwe kwa kila dereva, anasema jambo la maana. Lakini asisahau kwamba kuna watu katika nchi hii waliokwisha kuthibitishwa barabarani, na wasirudi nyumbani.

Na uhakiki ule wa kokwet, oret na ibinda, pamoja na uzuri wake, una dosari iyo hiyo. Humpokea mwana wa nyumbani na kumwacha mgeni mlangoni, hali ni mgeni huyo huyo anayeichuma chai ya mwenyeji.

Tatu, mwili nao husema uongo kwa mashine. Vidole vya mchuma chai, vilivyosuguliwa na matawi na utomvu miaka nenda miaka rudi, huenda visiache alama iliyo wazi kwenye kioo cha kupimia. Uso nao una hadithi yake. Mwaka wa 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichunguza mitambo ya kibiashara iliyotumiwa kutambua jinsia ya mtu kwa kuutazama uso. Wakakuta kwamba makosa kwa wanaume weupe hayakuzidi asilimia 0.8, bali kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Mitambo hurekebishwa na makosa hupungua, lakini funzo linabaki: mashine humwona vizuri yule iliyefunzwa kumwona.

Nne, nchi hii iliwahi kuhakikiwa zamani. Sheria ya mwaka wa 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimtaka kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka kumi na sita abebe kipande chenye alama za vidole vyake na rekodi ya waajiri wake, aghalabu ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ni katika enzi hiyo hiyo, miaka ya 1920, ambapo kampuni za chai zilianza kupanda mashamba makubwa Kericho. Mtu asiye na kipande hakuwa mtu kamili barabarani. Mwenye kipande alikuwa mtu wa tajiri wake. Mwaka wa 1934, watu wa ukoo wa Talai waliondolewa kwa nguvu ya sheria kutoka nchi ya Wakipsigis na kupelekwa Gwassi. Hawakuhamishwa kwa kuwa hawakujulikana. Walijulikana mno, mmoja mmoja, kwa jina na kwa ukoo. Kumbe kujulikana kunaweza kuwa ngao na kunaweza kuwa mkuki, na tofauti hutegemea ni nani anayeshika.

Je, basi uhakiki ukataliwe? La hasha. Kusema hivyo ni kuwasahau wanaobeba. Mwezi wa Machi 2022, baada ya waendeshaji bodaboda kumdhulumu mwanamke mmoja barabarani Nairobi, serikali iliamuru waendeshaji wote nchini wasajiliwe upya. Amri hiyo iliwagusa hata wale wa Litein na Silibwet, ambao hawakuwa na hatia. Wao huvaa fulana zenye nambari, hujulikana na mwenyekiti wa kituo, na picha zao zimo katika simu za watu. Wanapouliza kwa nini abiria wao asijulikane pia, hawaombi upendeleo. Wanaomba mizani.

Isitoshe, ikumbukwe yule mwenzao aliyevunjwa mkono. Laini iliyosajiliwa haikuzuia rungu, lakini ndiyo iliyomfichua aliyelishika. Baada ya wiki chache pikipiki ilipatikana katika kaunti ya mbali. Uhakiki, basi, haujui moyo wa mtu wala hautaujua. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba mtu akitenda uovu hatayeyuka kama umande. Hiyo si kazi ndogo. Kosa ni kuipa kazi isiyo yake, yaani kuitaka iseme nani ni mwema.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inaonekana kuligusa jambo hili. Katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake, endapo uamuzi huo unamwathiri kwa uzito. Kwa lugha ya kituoni maana yake ni kwamba mashine ikisema hapana, pawepo mlango wa pili, na nyuma ya mlango huo awepo mtu. Kwenye karatasi ni maneno machache. Kwa mwanamke aliyesimama gizani na mgonjwa mkononi, ni umbali uliopo kati ya kijiji na hospitali.

Kijana alikuwa hajausoma mlango huo wa pili katika kitabu chochote. Aliutafuta kwa akili yake. Aliirudia ile nambari na kupiga. Safari hii ilipokewa na mzee. Kijana alimwamkia kwa heshima ya wazee, kisha akauliza maswali yale matatu. Mzee akayajibu yote, akaongeza nambari yake ya mkulima katika kituo cha kupimia majani na jina la karani anayepima pale. Ndipo akasema kwa sauti iliyochoka, "Mwanangu, huyo mama ni mchumaji wangu. Si wa kwetu, lakini ni wangu. Mtoto anachemka kama chungu. Njooni hata kumi mkiogopa."

Hawakwenda kumi. Walikwenda wawili, yeye na yule mwenzake aliyesalia kituoni, kila mmoja kwa pikipiki yake, taa zikipasua ukungu, wakipita kati ya kuta za majani chai zilizonyamaza pande zote mbili. Kila penye kona kijana alihisi mgongo wake ukikaza. Penye banda la kupimia walimkuta mzee ameshika taa, na kando yake mwanamke aliyejifunga shuka, mtoto mgongoni. Hakuna aliyeulizwa kitambulisho. Mtoto alifikishwa hospitalini Litein kabla ya saa sita usiku, akatundikiwa maji, na asubuhi akaomba uji.

Yawezekana msomaji akasema kwamba kisa kimeishia vizuri kwa bahati. Ni kweli. Usiku mwingine sauti ya mzee ingeweza kuwa chambo, na maswali matatu yakajibiwa sawasawa na mwizi, kama yalivyojibiwa msimu wa bonasi. Kijana mwenyewe anakiri hivyo, na tangu usiku ule wanakituo wamejiwekea kanuni: safari za baada ya saa tatu ziandikwe katika daftari, nambari na jina, jina lisipooana na sauti, apigiwe mtu wa pili anayejulikana, ikibidi kwenda, waende wawili, na mgonjwa asiachwe kwa sababu ya jina. Kanuni ya mwisho ilizua ubishi mrefu kuliko zote. Kuna aliyesema itawaua. Mwenyekiti alijibu kwamba isipokuwapo, hiyo kazi haitakuwa tena ya kubeba watu.

Siku moja programu zitafika hadi kijiji cha mwisho cha Konoin na Bureti, zikiwa na alama zake za samawati na kamera za kupima nyuso. Zikaribishwe. Lakini wanaoziunda wangefanya vyema kwanza kuketi katika kituo kimoja cha barabarani, jioni ya mvua, na kulisoma lile daftari. Watakuta humo safu ya jina, safu ya nambari na safu ya mahali. Watakuta pia safu ya nne, nyembamba, iliyochorwa kwa mkono bila rula, yenye kichwa cha maneno mawili: "Nani anamjua?" Mara nyingi safu hiyo imejazwa jina la mtu mwingine, ambaye hakusafiri.